Mpelelezi wa Shinjuku Asiye na Mamlaka: Jibu kwa Msomaji Kuhusu Jinguji Saburo

Msomaji mmoja wa Morogoro ametuandikia swali hili: "Nilinunua Nintendo DS ya mtumba, ile mashine ya michezo ya mkononi, pamoja na kaseti ya mchezo uitwao Jake Hunter. Nilikuwa nimesoma kwamba huu ni mfululizo wa Kijapani wenye heshima kubwa, unaomhusu mpelelezi sugu wa mjini. Nilichokikuta ni menyu, maelezo marefu na bwana mmoja anayevuta sigara. Hakuna kufukuzana, shujaa sikumwona akishika bunduki, na mara kwa mara nilikwama nikabaki kubonyeza kila kilichobonyezeka. Heshima hiyo inatokana na nini, huo usugu uko wapi, na kama nimeanza pabaya, nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, maelezo yako kuhusu mchezo ni sahihi kabisa, na kwa kiasi fulani umekwisha kujijibu. Usugu wa mpelelezi huyu uko ndani ya menyu hiyo iliyokuchosha. Ni mtu anayelazimika kuupata kila ukweli kwa kuuliza watu wasio na wajibu wowote wa kumjibu, na mchezo umeundwa ili wewe ndiye ubebe mzigo wa kuuliza, kukataliwa, kuondoka na kurudi. Kwamba hukuliona hilo mara moja si ajabu, kwa sababu toleo lililokufikia limefunika kitu muhimu mno katika mfululizo huu, nacho ni mahali unapotokea.

Jina la Jake Hunter lilibuniwa kwa ajili ya wachezaji wa Kiingereza. Kwa Wajapani mpelelezi huyu ni Jinguji Saburo, na Jinguji ndilo jina la ukoo. Mchezo wake wa kwanza, ambao jina lake tunaweza kulieleza kuwa ni kesi ya mauaji ya Bustani Kuu ya Shinjuku, ulitolewa na kampuni ya Data East mwezi wa Aprili 1987 kwa ajili ya kifaa cha diski kilichounganishwa na Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchezea michezo kwenye televisheni. Kesi inaanza kwa mwili wa mwanamke kukutwa bustanini. Jinguji ana ofisi yake ndogo Kabukicho, msaidizi wake ni Misono Yoko, na rafiki yake ndani ya polisi ni mkaguzi mwenye umri mkubwa aitwaye Kumano. Watu hao watatu, pamoja na mitaa inayowazunguka, ndio uti wa mgongo wa mfululizo uliodumu kwa zaidi ya miaka 30.

Mitaa hiyo ni ya kweli. Shinjuku ni wilaya ya Tokyo ambayo kituo chake cha treni hupitiwa na watu wapatao milioni 3 kwa siku, na reli huigawa katika pande mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Upande wa mashariki ndiko Kabukicho, mtaa wa baa, vilabu vya usiku, kumbi za kamari za pachinko na biashara ambazo hazipendi kuulizwa maswali. Ulipewa jina hilo baada ya vita kwa sababu ilikusudiwa kujengwa ukumbi wa maigizo ya kabuki, ukumbi ambao haukujengwa kamwe. Upande wa magharibi palikuwa na mitambo mikubwa ya kusafisha maji ya jiji hadi mwaka 1965. Ilipoondolewa, eneo likagawiwa kwa majengo marefu ya ofisi na hoteli, na kando yake ikafunguliwa Bustani Kuu mwaka 1968. Mtu aliyeuawa katika bustani hiyo ameuawa mahali ambapo mji wa usiku na mji wa mitaji mikubwa hupakana. Mwaka 1987 bei za viwanja vya Tokyo zilikuwa zikipaa kupita kiasi, na lile jengo la makao makuu ya serikali ya jiji ambalo leo limesimama mbele ya bustani lilikuwa bado halijaanza kujengwa. Mchezaji wa Kijapani wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa lolote kati ya haya, kwa kuwa lilimtosha jina la bustani. Wewe uliyepewa mji wa kubuni wenye majina ya Kimarekani umenyimwa nusu ya hadithi kabla hujabonyeza chochote.

Sasa tuje kwenye bunduki. Hadithi za mpelelezi sugu zilizaliwa katika majarida ya bei nafuu ya Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, wakati miji ilikuwa imejaa magenge ya pombe haramu na polisi waliokula nao. Shujaa wa hadithi hizo alikuwa mtu wa peke yake, mwenye kanuni zake binafsi, anayepigwa na kupiga, na anayezungumza kwa sentensi fupi kwa sababu hana imani na maneno mengi. Wajapani walizipenda, lakini walipotaka kuziandika wao wenyewe walikutana na ugumu wa kisheria na wa kijamii. Sheria ya silaha ya Japani, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1958, haimruhusu raia wa kawaida kuwa na bastola. Mpelelezi wa binafsi naye hana mamlaka yoyote ya kipolisi: hawezi kukamata, hawezi kupekua, hawezi kumlazimisha mtu kufungua mlango. Kwa muda mrefu kazi hiyo haikuwa hata na sheria yake yenyewe. Ilitungwa mwaka 2006 na ikaanza kutumika mwaka uliofuata, nayo inamtaka mpelelezi ajiandikishe kwa tume ya usalama ya mkoa wake na sheria hiyo yenyewe inasema wazi kwamba haimpi ruhusa ya kutenda jambo ambalo raia mwingine amekatazwa. Kazi halisi ya wapelelezi wa Japani ni kufuatilia wanandoa wasio waaminifu, kutafuta watu waliopotea na kuchunguza hali ya mtu kabla ya ndoa au ajira.

Ukimchukua yule shujaa wa Kimarekani ukamwondolea bastola, ukamwondolea leseni, ukamweka katika jamii ambamo watu hawapendi kuzungumza na mgeni kuhusu mambo ya nyumbani kwao, kinachobaki ni subira na adabu. Jinguji ni sugu kwa maana hiyo. Hatishwi na yakuza, yaani wahalifu wa magenge ya Kijapani, lakini hawadharau; mmoja wa wahusika wanaorudi mara kwa mara ni Imaizumi, kijana wa genge ambaye ana deni la heshima kwake. Hapayuki mbele ya mjane. Akifungiwa mlango, anashukuru na kwenda kutafuta mlango mwingine. Kumano humsaidia kwa siri kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho polisi anaweza kumsaidia raia bila kujiharibia kazi, na mvutano huo kati ya urafiki na taratibu za ofisi ni mojawapo ya mambo yaliyoandikwa vizuri zaidi katika mfululizo mzima.

Umbo la menyu lina historia yake, nayo inafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana watu wengi hudhani kuwa ni uvivu wa watengenezaji. Mwaka 1983 Horii Yuji, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa michezo ya Dragon Quest, alitoa kupitia kampuni ya Enix mchezo wa upelelezi unaotokea katika mji wa bandari wa Kobe, uitwao Portopia. Tajiri wa kampuni ya mikopo anakutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa, na mchezaji, akiwa mkuu wa upelelezi, anamwelekeza msaidizi wake kwa kuandika maneno kwenye kibodi ya kompyuta. Uandishi huo ulikuwa adha: ulipaswa kukisia ni kitenzi gani ambacho kompyuta inakielewa. Mwaka uliofuata, katika mchezo wake wa upelelezi unaotokea Hokkaido, Horii aliondoa uandishi akaweka orodha ya amri za kuchagua. Portopia ulipohamishiwa Famicom mwaka 1985 ulifuata njia hiyohiyo, kwa sababu ya wazi kwamba Famicom haikuja na kibodi. Ilikuwa na kidhibiti chenye vitufe vichache tu. Tangu hapo maneno kama kwenda, kuuliza, kuchunguza, kuonyesha na kuchukua yakawa lugha ya pamoja ya michezo ya upelelezi ya Kijapani. Jina la mhalifu wa Portopia limekuwa mzaha wa taifa zima, kiasi kwamba hata watu wasiowahi kucheza hulijua. Sitalitaja, kwa kuwa huenda siku moja utaucheza.

Data East waliichukua lugha hiyo ya menyu wakaifanyia jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha heshima unayoiulizia. Katika Portopia wewe ni polisi, na kuuliza ni haki yako. Katika kesi za Jinguji amri ya kuuliza ni ileile, lakini anayeuliza hana haki hiyo, na kwa hiyo majibu yanabadilika tabia. Mhudumu wa baa hukujibu nusu, mlinzi wa jengo hukuambia hajui, mwenye duka hukuuliza wewe ni nani hasa. Unaporudi ukiwa na jina la mtu mwingine mdomoni, au picha mfukoni, mhudumu yuleyule anakumbuka jambo. Huendi mbele kwa kuwa mwerevu kuliko wengine; unaenda mbele kwa sababu umekwenda mahali pengine kwanza. Mtu aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja katika ofisi ya ardhi, akaambiwa alete karatasi kutoka dirisha jingine kisha arudi kwenye dirisha lilelile la kwanza, anaujua mwendo huo vizuri kuliko mwanafunzi wa fasihi.

Kwa upande wa ufundi, kinachotokea ndani ya mchezo ni hiki. Kila jibu muhimu unalolipata huwasha alama ya ndani, ambayo watengenezaji wa michezo huiita bendera. Hadithi ina sehemu kadhaa, na kila sehemu ina orodha yake ya bendera zinazopaswa kuwashwa kabla ya kufunguka kwa sehemu inayofuata: mtu mpya kutokea, mahali papya kuongezwa kwenye orodha ya safari, au Yoko kupiga simu kutoka ofisini. Mchezaji anakwama pale ambapo bendera moja haijawashwa na hajui ni ipi. Mara nyingi sababu ni ndogo. Katika michezo ya kizazi hicho swali moja linaweza kuwa na majibu mawili au matatu yanayofuatana, na bendera hukaa kwenye jibu la mwisho, kwa hiyo anayeuliza mara moja akaridhika ameacha kazi nusu. Mara nyingine amri ya kuchunguza inabidi itumike mahali palepale baada ya mazungumzo ambayo yamebadilisha maana ya kitu kilichokuwapo tangu mwanzo. Ukilielewa hilo, hutabonyeza tena ovyo. Utauliza kila jambo mpaka jibu lianze kujirudia neno kwa neno, kisha utajiuliza ni nani miongoni mwa watu wa orodha ambaye hajasikia habari ya mwisho uliyoipata, na huyo ndiye utakayemwendea.

Ukishindwa kabisa, vuta sigara. Naona umeitaja sigara kama pambo la mhusika, na wengi huichukulia hivyo, lakini katika mfululizo huu kuvuta sigara ni amri ndani ya menyu, imewekwa pamoja na kuuliza na kuchunguza. Ukiichagua, Jinguji anawasha, ananyamaza, kisha anayapanga mawazo yake, na kutokana na mawazo hayo unapata kidokezo cha nini hakijafanyika. Ni ubunifu mkubwa kuliko unavyoonekana. Michezo mingine ya wakati ule ilimsaidia mchezaji kwa sauti ya nje, kwa mfano msaidizi anayekuambia, "Bosi, twende tukamwone fulani." Hapa msaada unatoka ndani ya kichwa cha mhusika mwenyewe, katika muda ambao hafanyi lolote. Mchezo umekipa kituo cha kutafakari hadhi ya kitendo. Katika Japani ya 1987, ambapo zaidi ya asilimia 60 ya wanaume wazima walivuta sigara, hakuna aliyeshangaa. Tangu Aprili 2020 sheria ya afya ya nchi hiyo imezuia uvutaji katika sehemu nyingi za ndani zinazotumiwa na umma, na Jinguji wa leo angelazimika kwanza kupeleleza mahali pa kuvutia. Sisemi haya ili kuisifu sigara. Nasema ili uitumie amri hiyo, maana inaonekana uliiona ukaiacha.

Liko pia suala la lugha yenyewe, ambalo tafsiri haiwezi kulionyesha kikamilifu. Diski ya Famicom ilibeba kilobaiti 112 kwa pande zote mbili, na ndani ya kiasi hicho ilibidi ziingie picha, muziki, programu na maneno yote ya hadithi. Ilipofika katikati, mchezaji alitakiwa kuichomoa diski na kuigeuza. Herufi za Kichina zilizozoeleka katika maandishi ya Kijapani zilikula nafasi nyingi na hazikusomeka vizuri kwenye televisheni za wakati ule, ndiyo maana michezo mingi ya Famicom iliandikwa kwa herufi za sauti pekee. Mwandishi aliyekuwa na nafasi finyu namna hiyo alilazimika kukata, na mtindo wa mpelelezi sugu ni mtindo wa kukata. Sentensi fupi, jibu lisilo na shukrani, maelezo ya chumba kwa vitu viwili: umaskini wa diski na ladha ya fasihi hiyo vilikutana kwa bahati njema. Muziki nao ulielekea kwenye jazi, ingawa vifaa vya sauti vya Famicom vilikuwa vichache mno kuweza kuiga saksafoni. Ulipofika wakati wa diski za CD mwelekeo huo ndio uliokuwa sauti inayotambulisha mfululizo.

Nisiufanye mchezo huu kuwa malaika. Ile ya mwanzo ina hatua ambazo hakuna mtu angezikisia kwa akili ya kawaida, na wachezaji wa wakati huo walizivuka kwa kununua vitabu vya mwongozo au kuulizana shuleni. Wanawake katika kesi za mapema mara nyingi ni maiti, wahudumu wa vilabu, au watu wanaosubiri kuokolewa. Yoko mwenyewe, ambaye ni hodari na msomi, ilichukua muda kabla ya kupewa nafasi inayomstahili, na pale baadhi ya michezo ya baadaye ilipomruhusu mchezaji kuendesha upelelezi kwa macho yake, kesi zilipata uhai mpya, kwa kuwa watu humwambia Yoko mambo ambayo wasingemwambia Jinguji. Naona ni kosa kwamba waandishi hawakulifanya hilo mapema zaidi na mara nyingi zaidi.

Historia iliyobaki nitaipitia haraka. Kesi ya pili, ya mauaji ya bandari ya Yokohama, ilitoka mwaka 1988. Ikafuata kesi iliyogawanywa katika diski mbili, kisha ya nne mwaka 1990. Baada ya ukimya wa miaka kadhaa Jinguji alirudi mwaka 1996 kwenye PlayStation akiwa na sura iliyochorwa na Terada Katsuya, mchoraji ambaye mistari yake mizito ndiyo iliyompa mpelelezi huyu uso unaokumbukwa leo. Kesi za 1998 na 1999 zilizofuata kwenye mashine hiyo ndizo ambazo mashabiki wengi wa Kijapani huzitaja kwanza. Data East ilifilisika mwaka 2003. Mfululizo ulikuwa umekwisha kushikwa na kampuni ya WorkJam, iliyouendeleza kwenye PlayStation 2 na hasa kwenye simu za mkononi za kizazi cha kabla ya simu janja, ambako kesi fupi zilizosomeka ndani ya treni zilipata wasomaji wengi. Baadaye ukahamia kwa Arc System Works, kampuni inayofahamika zaidi kwa michezo ya mapigano. Mwaka 2018 walitoa Daedalus, inayomwonyesha Saburo akiwa kijana anayekwenda New York kuchunguza kifo cha babu yake, na ndani yake picha za mji zinaweza kugeuzwa na kutazamwa pande zote. Ni kazi ya kupendeza macho, lakini mpelelezi aliyetolewa Shinjuku hupoteza uzito wake, na sikushauri uanzie hapo.

Kuhusu ulichonacho mkononi: kuna kaseti mbili za DS zenye jina la Jake Hunter, na ni muhimu ujue ni ipi uliyonayo. Ya kwanza, Jake Hunter: Detective Chronicles, ilitolewa Marekani na Aksys Games mwaka 2008 ikiwa na kesi tatu tu, na Kiingereza chake kililaumiwa kuwa kikavu na chenye makosa. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilifanya jambo la nadra katika biashara hii: ilitoa toleo jingine, Jake Hunter Detective Story: Memories of the Past, ikaandika upya tafsiri na kuongeza kesi zilizokuwa zimeachwa. Ikiwa kaseti yako inasema Detective Chronicles, basi jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, ulianza pabaya, na lawama si yako. Tafuta ya 2009. Kaseti za kawaida za DS hazifungwi kwa eneo, kwa hiyo iliyouzwa Marekani itafanya kazi katika mashine iliyonunuliwa Dubai au Dar es Salaam. Kuwa macho tu na kaseti bandia, ambazo ni nyingi sokoni na hupoteza kumbukumbu za mchezo ulioufikisha katikati. Mchezo wa tatu wa Kiingereza, Ghost of the Dusk wa 2018, ulitengenezwa kwa ajili ya Nintendo 3DS, mashine nyingine iliyoifuata DS, na duka la mtandaoni la mashine hiyo limeacha kuuza tangu Machi 2023, kwa hiyo usipoteze muda kuutafuta. Ukijifunza Kijapani siku moja, kampuni ya G-Mode imekuwa ikizirudisha zile kesi za simu kwenye mashine ya Nintendo Switch, moja baada ya nyingine.

Ukitaka kuona Wajapani wengine walifanya nini na mpelelezi sugu, nakupendekezea mstari mwingine ambao nao unaishia kwenye DS yako. Mwaka 1986 kampuni ya Riverhillsoft ya mji wa Fukuoka ilitoa mchezo wa mpelelezi wa polisi J.B. Harold, ambao hadithi yake inatokea Marekani. Ni mchezo mkavu kupita wa Jinguji: orodha ndefu ya watu, orodha ndefu ya maswali, na mauaji ambayo kila mtu mjini anaonekana kuwa na sababu ya kuyatenda. Mmoja wa walioandika michezo hiyo, Suzuki Rika, baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Cing katika mji huohuo, na mwaka 2007 Cing ikatoa Hotel Dusk. Unaishika DS wima kama kitabu. Ni mwisho wa mwaka 1979, na Kyle Hyde, aliyekuwa polisi wa New York na sasa ni mchuuzi anayezunguka kuuza bidhaa nyumba kwa nyumba, anafikia katika hoteli iliyochoka jangwani huko Nevada akimtafuta mwenzake wa zamani. Wahusika wamechorwa kwa mistari ya penseli inayotikisika muda wote, hata wanaponyamaza.

Katika Hotel Dusk hatari ipo: unaweza kushindwa. Ukiuliza swali la kijeuri kwa mtu asiyefaa kuulizwa hivyo, Hyde anafukuzwa hotelini na hadithi inakatika. Kwa mchezaji aliyelalamika kwamba hakuna hatari, nadhani hiyo itakufaa. Mwendelezo wake wa 2010, Last Window, unaotokea Los Angeles mwaka 1980, uliuzwa Japani na Ulaya pekee, nayo Cing ikafilisika mwaka huohuo. Kaseti yake ni adimu na bei yake ni kubwa, basi usiinunue kabla hujaijua ladha ya ya kwanza.

Kuna pia ile michezo ya Famicom Detective Club ya Nintendo, iliyoanza mwaka 1988 na kutengenezwa upya kwa Kiingereza kwenye Switch mwaka 2021. Shujaa wake ni kijana mdogo na hofu yake ni ya mizimu na mila za kijijini kuliko ya mitaa ya jiji, kwa hiyo siihesabu katika kundi hili. Lakini menyu yake imehifadhiwa karibu kama ilivyokuwa, na ukiwa na rafiki mwenye Switch ni njia rahisi ya kuona jinsi mchezo wa upelelezi wa Famicom ulivyokuwa ukipumua.

Mpangilio ninaokushauri, basi, ni Memories of the Past kwanza, ukiwa na daftari pembeni kwa ajili ya majina, maana mchezo hukutajia watu ishirini kabla hujamkumbuka wa tano; kisha Hotel Dusk. Ndani ya Memories of the Past utakuta pia vipande vifupi vya vichekesho vyenye wahusika waliochorwa wadogo wadogo wenye vichwa vikubwa. Viache hadi umalize kesi zenyewe, kwa sababu vinamdhihaki Jinguji kwa tabia ambazo ni lazima uwe umezizoea kwanza ndipo uzicheke.